Pampu Ndani ya Kidonda cha Mama

Jumatatu, 7 Oktoba

Sahani kumi na nne za kuoteshea bakteria leo. Tisa za mkojo, tatu za usaha, mbili za makohozi. Umeme wa Tunduma umekatika saa nne, ukarudi saa nne na nusu. Joto la inkubeta halikushuka sana. Nimeandika hivyo kwenye daftari la maabara ingawa hakuna anayelisoma.

Sahani ya dereva wa lori la shaba imenikera. Nilipandikiza bakteria wake juzi, nikapanga vile vidude vya karatasi vyenye dawa, sita tofauti, kama ninavyofanya kila siku. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuizunguka, bakteria hawaoti pale. Kwake nimepata duara moja tu. Nilipomuuliza alishatumia nini, akasema alinunua vidonge vinne Nakonde, viwili Kapiri, huko Zambia. "Nikapata nafuu, madam, nikaacha." Vinne na viwili! Nimemwambia anawafundisha bakteria shule, tena shule nzuri. Akacheka. Mimi sikucheka.

Watu wa aina hii nawachukia kwa dakika kumi hivi. Halafu nachukua sahani inayofuata.

Jumatano, 9 Oktoba

Fadhili kapiga simu. Mdogo wangu huyo aliacha machimbo ya dhahabu Mkwajuni, akarudi Igamba kumsaidia Mama shamba la kahawa. Kasema Mama alijikata mguuni wakati wa kupogoa. Lini? Wiki tano zilizopita.

Wiki tano. Mama alimkataza asiseme. "Usimsumbue dada yako, ana kazi za watu."

Kidonda hakifungi. Kinatoa maji ya kijani. Nimekaa na simu mkononi mpaka chai imepoa. Kijani sikipendi hata kidogo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Igamba. Nimefika saa tano. Mama yuko kwenye kigoda, mguu umefungwa kipande cha kanga, mdomo mzima kama kawaida yake. Shikamoo, marahaba, za safari, mbona umekonda, yule mchungaji mpya wa kanisa lenu pale Mpemba anahubiri vizuri? Amenizungusha nusu saa kabla sijaugusa mguu.

Nimefungua. Kidonda kiko kwenye ugoko, juu kidogo ya kifundo, upana wa kiganja changu. Ute wa kijani. Harufu tamu ya juisi iliyochacha. Harufu hiyo naijua, naifungulia mfuniko kila wiki kazini. Na juu ya nyama kulikuwa na unga wa njano umegandamana. Nikauliza huu unga ni nini.

"Dawa. Si zile zako?"

Akamtuma Fadhili ndani. Akarudi na kopo la maziwa ya unga. Bahasha za kaki, zile ndogo za kuwekea dawa, zaidi ya ishirini, nyingi tupu. Mbili bado zina kapsuli. Zote zina mwandiko wangu. 1x3. 1x3. 1x3.

Niandike ukweli hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kuuandika. Miaka kumi na moja nakwenda nyumbani na dawa. Kwetu mtu harudi kwao mikono mitupu. Aliye dereva huleta chumvi na samaki wakavu, aliye mwalimu huleta madaftari ya watoto. Mimi wa hospitali nilete nini, sukari kama kila mtu? Nilikuwa nanunua tetrasaiklini, kapsuli za rangi mbili, nazigawa kwenye bahasha, naandika dozi kwa mwandiko mzuri. Za dharura, nilisema. Nikaona fahari. Mama naye akaona fahari zaidi. Kijiji kizima kilijua nyumba yetu, ya Namwinga, haikosi dawa, mtoto wake yuko hospitali.

Kumbe amekuwa akizigawa. Mwanakwaya akikohoa, mbili. Jirani akiharisha, mbili. Kuku wakizubaa, moja kwenye maji yao. Na kidonda chake, anapasua kapsuli, anamwaga unga, siku akikumbuka.

Nilitaka kufoka. Nimefoka. Nimechukua sampuli ya usaha, nikafunga kidonda kwa bandeji safi.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama kakataa kushuka Tunduma kabla ya ibada. Amekwenda kanisani kwa pikipiki, mguu umenyooshwa mbele, akiwapungia watu. Mchana tumeondoka. Amelazwa jioni.

Jumatano, 16 Oktoba

Sahani ya Mama. Nimeiandika namba tu, sikuandika jina, ili niisome kama ya mtu mwingine. Haikusaidia. Kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Dawa nane nilizonazo, hakuna duara hata moja la kuridhisha. Bakteria wameota mpaka wamegusa karatasi zenyewe.

Bakteria huyu ni mkaidi tangu kuzaliwa, vitabu vyote vinasema hivyo. Hukaa kwenye maji, kwenye udongo, kwenye sinki za hospitali. Tetrasaiklini haikuwahi kumsumbua sana. Lakini dawa ya sipro ilipaswa kufanya kazi. Genta, ile ya sindano, ilipaswa kufanya kazi. Hizi Mama hajawahi kuzinusa.

Picha ya eksirei inaonyesha mfupa umeanza kuliwa. Na sukari yake iko juu. Hakuna aliyewahi kumpima, hata mimi, mwenye kipimo mfukoni. Daktari hakuzungusha maneno. Isipopatikana dawa inayofanya kazi, mguu unakatwa chini ya goti, kabla sumu haijapanda kwenye damu. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Mama ana miaka sitini na nane. Shamba lake liko kwenye mteremko mkali, mtu mwenye miguu miwili anashuka akishikilia mibuni.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimetuma bakteria Mbeya, kwa Upendo. Tulisoma chuo kimoja, siku hizi yuko maabara kubwa yenye vifaa ambavyo mimi naviona kwenye semina tu. Nimemwambia ni wa Mama. Akasema "Lete leo."

Mchana nimekaa na Fadhili nje ya wodi. Anataka kuelewa. Kauliza swali la maana kuliko wanafunzi wote walioletwa kwangu: dawa inaingia ndani ya hao wadudu au haiingii?

Inaingia. Hapo ndipo penye shida. Bakteria ana pampu kwenye ukuta wake. Ni protini tu, mrija mdogo mno unaotoka ndani hadi nje. Dawa ikipenya, pampu inaidaka na kuitema kabla haijafika inakotakiwa kufika. Wala haichagui. Pampu moja inaweza kutema tetrasaiklini, ikatema sipro, ikatema na dawa nyingine zisizo na undugu wowote, mpaka dawa za kusafishia sakafu. Kwa hiyo bakteria aliyezoeshwa dawa moja anaweza kukutana na nyingine mara ya kwanza maishani mwake na kuitema vilevile.

Fadhili akafikiri. "Kama maji ya shimoni, dada."

Kasema Mkwajuni walichimba chini kuliko maji. Maji yanaingia muda wote, injini inavuta, wao wanapiga mwamba. Maji hayajakoma kuingia, yanashindwa tu na pampu. Ikipiga mvua kubwa ya ghafla, pampu inazidiwa, kila mtu anapanda juu mbio. "Lakini ikija ya rasharasha, tajiri mwenye shimo anaona maji yanaongezeka taratibu. Anapata nafasi ya kuleta pampu ya pili. Hata mvua kubwa ikija baadaye, inawakuta wamejipanga."

Nimewahi kulieleza jambo hili kwa slaidi arobaini na sikulieleza vizuri hivyo. Kwa bakteria hakuna tajiri wa kuamua, ndiyo tofauti. Mwenye pampu chache anakufa, mwenye nyingi anabaki, anazaa wenye nyingi. Dozi kamili kwa mgonjwa anayeihitaji ni mvua kubwa. Kapsuli mbili mbili ni rasharasha.

Fadhili hakujua alikuwa anamsema nani. Au alijua. Ni mpole kuliko mimi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sina hamu ya kula. Leo mama mmoja kaja dirishani kuniuliza kama aongeze dozi ya mtoto au aihifadhi iliyobaki. Siku nyingine ningemchana. Leo nimemweleza taratibu, mara mbili, akaniambia Mungu akubariki. Nimejisikia vibaya zaidi.

Jumanne, 22 Oktoba

Upendo katuma picha saa nane mchana. Sahani mbili, bakteria wa Mama katika zote. Ya kwanza ni kama yangu, kijani tupu, sipro haina hata alama. Ya pili kaongeza kemikali inayoziba pampu. Kidude kilekile cha sipro, bakteria walewale.

Duara. Pana, safi, limekatwa vizuri. Nimepima kwa rula juu ya kioo cha simu, kama mwehu.

Nimepiga kelele. Mkuu wa maabara ameinuka kwenye kiti. Nikamwambia dawa inafanya kazi, dawa haijawahi kuacha kufanya kazi, ni pampu tu, zibeni pampu! Kanitazama kwa huruma. Yeye alishakumbuka nilichokuwa nakisahau makusudi.

Kemikali ile ni ya maabara. Kwa mtu ni sumu. Watafiti wanatafuta ya kumeza miaka mingi sasa, hawajaipata ya kumpa mgonjwa. Upendo alikuwa ameandika hilo chini ya picha, kwa upole, na nukta tatu mwishoni. Mimi nilisoma picha tu.

Basi nimeona kwa macho yangu dawa ikimponya Mama kwenye sahani, na siwezi kuitoa kwenye sahani. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama saa nane na dakika kumi leo.

Jumatano, 23 Oktoba

Upendo kapiga. Dawa moja imebaki. Kolistini, ya sindano. Hii haisubiri kuingia ndani ndipo ifanye kazi, inapasua ukuta kuanzia nje. Pampu haziiwezi. Lakini ni kali, inaumiza figo, na Mama ana sukari.

Daktari kasema tujaribu. Kesho Mama anahamishiwa Mbeya, ndiko dawa iliko.

Mama kauliza sindano inaitwaje. Nimemwambia. Kasema jina zuri, angempa mjukuu kama angekuwa naye. Hilo la mjukuu lilinilenga mimi, hakosi nafasi.

Jumapili, 27 Oktoba

Siku ya tatu ya sindano. Homa imeshuka. Usaha umepungua, rangi imefifia. Nimeruhusu moyo ufurahi. Fadhili kanunua ndizi nyingi kama za sherehe, tumekula na wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Jumanne, 29 Oktoba

Figo. Kipimo kimepanda mara mbili ya juzi. Mkojo umepungua. Kwa macho yangu mwenyewe nisingesoma matokeo haya, lakini Upendo kanisomea.

Sindano imesimamishwa. Ikiendelea inamuua, ikisimama bakteria waliobaki kwenye mfupa wanaanza upya. Daktari wa hapa kafika na karatasi ya idhini.

Mama kaisikiliza yote. Hakulia. Kauliza maswali mawili: je, ataweza kupiga magoti kanisani, na je, nani atamaliza kupogoa upande wa juu. La kwanza daktari kasema ndiyo, kwa msaada. La pili Fadhili kainua mkono kama mtoto darasani. Mama kaweka dole gumba.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo la kufulia. Mwanamke aliyekuwa anaanika mashuka kanipa pole bila kuuliza ya nini.

Jumatano, 30 Oktoba

Wamekata saa tatu. Saa sita kaamka. Kaomba uji.

Jumamosi, 2 Novemba

Siwezi kuthibitisha. Hilo nalijua kitaaluma. Bakteria huyu alikuwa na pampu zake kabla ya mimi kuzaliwa, kabla ya kiwanda cha kwanza cha dawa. Alizitumia kutema sumu za udongoni. Labda aliingia kidondani akiwa tayari amejipanga. Labda alitoka kwenye maji. Sukari ilichangia, wiki tano za kunificha zilichangia. Ningeandika ripoti ningeandika "huenda".

Lakini hii si ripoti. Unga wa njano ulikuwa juu ya nyama, kidogo leo, kidogo keshokutwa, wiki tano. Kidonda kilikuwa shule, na vitabu nilipeleka mimi. Naona aibu. Nimemkejeli dereva wa watu kwa vidonge sita.

Figo zinarudi taratibu. Mshono mkavu. Kwa kidogo hicho namshukuru Mungu.

Ijumaa, 15 Novemba

Mama kaondoka Mbeya leo, Fadhili kamchukua. Mimi sikwenda Igamba kuwapokea, nilisema nina zamu Tunduma. Zamu ilikuwa ya mtu mwingine, niliiomba.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimesema nitakwenda wiki hii. Sikwenda. Nilifua mapazia.

Mama hajapiga simu. Kwa kawaida kila baada ya wiki sita saba hupiga kusema dawa zimeisha. Naogopa kumwambia ukweli wa zile bahasha. Anaamini kabisa mguu ulikatwa kwa sababu ya mkasi wenye kutu, amewaambia kwaya nzima.

Jumapili, 8 Desemba

Igamba. Nimekuja jana bila kuaga mtu, na mikono mitupu kweli, hata mkate. Fadhili kanipokea mkoba akatafuta kilichomo, akakuta nguo.

Mvua ilinyesha asubuhi, hatukwenda ibada. Mama anatembea kwa magongo kutoka kitandani hadi barazani, anayatukana magongo kama punda. Fadhili alikuwa shambani. Tulikaa wawili tunachambua maharage.

Nimemwambia. Nimemweleza kila kitu, pampu, shimo, rasharasha, bahasha zangu, kapsuli mbili mbili. Nilisema mguu wako nimeukata mimi, Mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au laana.

Aliendelea kuchambua. Kisha kasema, "Wewe unafikiri zilikuwa zinaisha zenyewe?"

Sikuelewa. Hakuniangalia.

"Bahasha ile ingekaa mwaka. Nani anaumwa hivyo hapa? Nilikuwa nazimaliza. Nilimpa hata asiyeumwa. Nikikupigia nikasema nimekukumbuka, unaniambia Mama kazi nyingi. Nikikupigia nikasema dawa zimeisha, Jumamosi umefika."

Akatupa jiwe dogo nje, lililokuwa kwenye maharage.

"Sasa mguu tumeukata wawili. Usijigawie peke yako."

Nimehesabu kichwani safari zote za miaka kumi na moja kabla ya kidonda, nikitafuta hata moja niliyokuja bila kuitwa kwa dawa. Sikuipata. Maharage tuliyamaliza. Akaomba nimsogezee stuli ya mguu, nikasogeza, nikakaa chini karibu nayo, akaniwekea mkono kichwani.

Jioni nimempigia mkuu wa maabara, nimemwambia kesho siji, na keshokutwa siji. Kauliza kuna mgonjwa huko? Nimesema hapana, hakuna mgonjwa.